Meneja Mpya Abebeshwa Kikapu

Jumanne, Mei 1968

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma. Mzungu aliyeanzisha shamba hili aliacha sheria moja: kila meneja mpya achume majani ya chai siku nzima pamoja na sisi, kikapu mgongoni. Leo ilikuwa zamu ya huyu aliyetaka kufuta mapumziko yetu ya saa nne asubuhi. Jambo hilo limeninyima usingizi wiki nzima.

Alichuma majani magumu, na nyapara akayakataa mbele ya watu wote. "Chagua upya, bwana." Akaketi chini kama sisi, akachagua. Nikamwonyesha: majani mawili na chipukizi, basi.

Hata saa tatu haijafika, akashika kiuno, akaninong'oneza: "Mama Chebet, tunapumzika saa ngapi?"