Suruali ya Mkwe

Jumamosi, Gwassi



Tuko likizo na mama yangu. Leo tulishuka mlimani hadi mto unapoingia ziwani, na mume wangu Ochieng akaingia majini kuvua samaki kwa ndoano yake yenye chambo cha manyoya. Nilimwomba Mama amwangalizie viboko, mimi nikapanda jiwe kupiga picha za ndege, korongo.

Ndani ya kamera nikaona masikio ya kiboko nyuma ya Ochieng. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akatoka mbio.

Mama alikuwa ameupa mto mgongo.

"Mama, si nilikuomba uangalie?"

"Mkwe wangu amekunja suruali mpaka mapajani. Ningeangaliaje?"

Na Ochieng, maji yakimchuruzika, akakubaliana naye.

Kesho anarudi mtoni. Nimemtolea suruali ndefu isiyokunjika. Acha ilowe.