Chungu Ulichokiacha Upenuni

Tangini,
Kibaha, Pwani.
21 Septemba 2025

Mpendwa dada Hajra,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na shemeji Zubeir, na mjukuu wa mama, Shamsia, ambaye nasikia sasa anawajibu watu kama mama yake. Vipi mgongo? Mara ya mwisho ulilalamika kwamba zamu za wodini zinakumaliza. Uwe unaukanda kwa maji ya moto, usijifanye chuma. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Nuria hajambo, watoto hawajambo, mama yupo Vihingo na anakula vizuri. Mgonjwa ni mimi tu, na ni mguu.

Najua umeshaigeuza bahasha mara mbili ukijiuliza nani siku hizi anaandika barua. Sababu utaikuta mbele. Nakujua wewe, dada, ulikuwa unasoma hadithi kuanzia mwisho. Hii usiifanyie hivyo. Na kama umesimama, tafadhali kaa.

Nianze na mguu. Unakumbuka nilivyoanza kukimbia baada ya baba kupotea. Hapa Tangini walidhani nafukuza kitambi, na Nuria aliicheka bukta yangu mpaka akakaa chini. Wewe peke yako uliwaambia kwenye simu, "Mwacheni, hawezi kutulia." Kweli nilikuwa siwezi. Kila siku baada ya swala ya alfajiri nilitoka na klabu yetu ya mbio, na kila siku, wenzangu wakishanitangulia kidogo, nilisikia baiskeli nyuma yangu. Madigadi ilikuwa ikigonga tairi, tak, tak, tak, vilevile kama ya baba, ile aliyokataa kuitengeneza miaka yote eti inamjulisha mama kwamba anarudi. Nikigeuka, barabara tupu.

Sikukwambia kwa sababu ungeniambia nikamwone mtu. Mwezi wa tano ilikuja karibu mno, nikahisi itanigonga, nikaruka pembeni kuipisha. Hakuna kilichopita. Nilitua vibaya mtaroni na kitu nyuma ya kisigino kikaachia. Walinibeba kwenye bodaboda, mtu mzima nalia njia nzima.

Anayenihudumia ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo, anaitwa Juliana, mkali kuliko mwalimu wa madrasa. Alinibonyeza kisigino, nikapiga ukelele, akasema kano imechanika nusu na mbio nizisahau mpaka mwakani. Nitembee, ila polepole. Kila asubuhi na jioni nisimame kwenye ukingo wa ngazi, nishushe kisigino taratibu na kukipandisha. Halafu akaniuliza, "Kaka Hashiru, hivi unakimbia nini?" Nikamwambia presha. Akaandika tarehe ya kurudi.

Nikachukua likizo yangu yote ya ofisini. Nuria mwenyewe ndiye aliyenifukuza, maana nilikuwa nazunguka ndani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akasema nenda kwa mama ukamsaidie bustani. Basi kiangazi chote hiki nimekuwa mtu wa Vihingo, nikirudi Kibaha kwa Juliana tu.

Bustani ya baba bondeni imependeza, dada, ungeiona. Kuna mchicha, bamia, nyanya chungu, na matuta ya matembele kuelekea kwenye kile kibanda chake. Juliana kanikataza kubeba mzigo, kwa hiyo namwagilia kwa keni iliyojaa nusu, na mama kila akipita anauliza ni mwanamume gani anabeba nusu keni. Nikifanya mazoezi yangu kwenye ngazi ya baraza ananitazama weee, kisha anasema, "Unapanda au unashuka? Amua, mwanangu, unanitia kizunguzungu." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka katika uwanja ule tangu baba apotee.

Uwanja wenyewe ulikuwa vilevile ulivyouacha. Nilidhani atachoka, hakuchoka. Unaujua mwiko wa nyumba yetu, nyayo za mwindaji aliyeingia porini hazifagiwi mpaka arudi, asije akapotea njia ya nyumbani. Mama aliushika huo mwiko masika mbili na viangazi vyake. Majani ya mkorosho yalifika kwenye vifundo vya miguu, kuku wakitagia humo humo, na mwezi wa sita tuliua nyoka hatua chache kutoka mlangoni. Jirani yetu Swaumu alikuja siku moja na ufagio wake, kwa nia njema kabisa, mama akamnyang'anya na kumrushia uani kwake. Swaumu! Aliyemletea uji kipindi chote kile cha kumtafuta baba!

Na pale upenuni, mvua isipofika, kilikuwepo chungu chako. Kile ulichokifunika wewe juu ya unyayo wa baba asubuhi ile unaondoka kurudi Mpanda. Mama alikuwa akikizunguka bila kukigusa. Mimi nilikuwa nakaa barazani nimenyoosha mguu wangu mbovu, nakitazama, na nilijua chini yake kuna kidole gumba kilichopinda kama changu. Kuna jioni nilishindwa kukaa, nikahamia uani kwenye moshi wa jikoni.

Hilo ndilo lililokuwa likiniumiza kuliko kisigino. Mama anazeeka, dada. Nilijua kwamba asipopatikana baba, mama atakufa akiwa katikati ya majani yale, anangoja madigadi.

Sasa mambo ya uwindaji. Nguruwe pori wamemaliza mihogo mwaka huu, na baba mdogo Said akakusanya vijana na mbwa wao. Mimi nikajitokeza na viatu vyangu vya mbio. Ba'mdogo alinitazama mguu, akaniambia, "Mkimbiaji wa Kibaha, wewe ukimwona nguruwe usimfukuze, mkaribishe." Nikawekwa kwenye kona ya chini na wavu, karibu na bwawa, pamoja na mzee mmoja mwenye baridi yabisi ambaye alilala. Vijana walikimbia msitu mzima mpaka mpakani na Marui. Ni njia zile zile nilizokimbia mimi masika ile tukimwita baba mpaka sauti ikakauka. Niliketi pale nikisikia mbwa wanabweka mbali, na moyo ukanienda mbio bila miguu.

Nguruwe hawakuja kwangu hata mmoja. Basi kila walipoingia porini mimi nilikuwa nakaa pale pale kwenye kona yangu, na kwa kuwa mikono haiumi, nikaanza kuvua. Kambare wamejaa mle. Mama aliwakaanga, wengine tukawabanika, na nilimpelekea Nuria wa kutosha majirani wote wa Tangini. Nilianza kuamini nimepona. Nikiwa pale na ndoano nilikuwa siisikii baiskeli.

Mvua za mwaka huu zilikuwa haba, na bwawa limekauka kuliko watu wanavyolikumbuka. Kila nikirudi nilikuta tope jipya. Katikati kukaanza kuchomoza kitu kama mzizi, na ndege mmoja mla samaki akakifanya kituo chake. Mwanzo sikukijali. Nikaja tena, mzizi ukawa na mkono wa pili. Nikakaa chini. Mkono mmoja ulikuwa na raba ya kijani, dada. Zile raba za usukani nilizinunua mimi mwenyewe, sikukuu ya Idi, na baba akazisema kwamba zina rangi ya kasuku.

Sikupiga kelele. Nilivua viatu nikaingia. Tope lilinifika magotini, kisigino kinauma, na mimi namwambia baba ningoje, ningoje. Nilipoishika ile baiskeli nikaitikisa, madigadi ikagonga. Mara moja tu. Wallahi niliisikia kwa masikio yangu haya, na baada ya hapo sikumbuki mpaka nilipomwona ba'mdogo Said amenikumbatia kwa nyuma ananivuta.

Watu walikuja, polisi wakaja, wakachimba pale kwa heshima. Dada, baba alikuwepo. Mkanda wake wenye kishikizo cha shaba ulikuwepo. Zaidi ya hapo sitaandika, na ukiniuliza uso kwa uso pia sitasema. Wameuchukua mwili, kama unaweza kuitwa hivyo, kwenda Dar kwa vipimo, na wametuambia juma lijalo tutakabidhiwa tuzike. Nilimwaga samaki wangu wa siku ile na ndoano nikaitupa. Tumekula kambare wa bwawa lile, dada, mimi na mama na watoto wangu. Baada ya kuandika maneno haya nimetoka nje nikatembea kidogo ndipo nikarudi.

Lakini kuna jambo moja ambalo lazima ulijue, kwa sababu ndilo lililomgeuza mama. Kwenye keria ya baiskeli kulikuwa na mgono. Ule mtego wake wa fito wa kutegea samaki, aliokuwa anauweka kwenye kibanda cha bustani. Ulikuwa umefungwa vizuri kwa mipira, kama alivyofunga vitu vyake vyote. Kumbe asubuhi ile maji yalikuwa yanapanda, na kambare wanapanda nayo, na baba alipitia bustanini akauchukua. Sisi tulimwona katoka na baiskeli na panga, na mwindaji haulizwi anakwenda wapi, basi wote tukaingia porini. Kijiji kizima kilitafuta kwenye miti. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni, tukalipita kando kila siku tukiita jina la baba.

Nilimpelekea mama ule mgono mwenyewe, ba'mdogo akinishika bega. Niliogopa ataanguka. Aliupokea, akauweka mapajani, akapitisha vidole kwenye zile fito moja moja. Akasema, "Kumbe alikuwa anakwenda kuvua." Halafu akasema, "Mvuvi hana mwiko wa ufagio. Kumbe nilikuwa naweza kufagia."

Hakulia. Bora angelia. Shehe alikuja akamweleza kwamba eda yake ilishapita zamani bila yeye kujua, na mama akamjibu kwa adabu kwamba atakaa hivyo hivyo, yeye ameanza leo.

Sasa ile sababu ya barua. Mama alikataza mtu yeyote asikupigie, akasema Hashiru atamwambia dada yake. Na mimi nilikupigia, Ijumaa, unakumbuka. Ulipopokea, kabla ya salamu, uliniuliza kama kawaida yako, "Ameonekana?" Na mimi kwa mazoea nikasema, "Bado." Ukahema, tukaongea habari za meno ya Shamsia. Nilikata simu nikajifungia chooni. Mdomo umezoea neno moja, dada, nikaona heri mkono ujaribu. Nisamehe kwa hilo. Barua inakuja na Anselmi, mwenzangu wa ofisini anayehamishiwa huko kwenu, na nimemwambia asilale kabla hajakukabidhi mkononi.

Juliana aliniona juzi, akafurahi, akasema kano inaunga vizuri na mwakani nitakimbia. Nimemshukuru. Asubuhi nasimama kwenye ngazi, nashusha kisigino, nakipandisha, na nasikiliza. Tangu baiskeli itoke majini haijanifuata tena. Nilidhani nitafurahi. Badala yake najikuta naigeukia barabara tupu, natamani igonge hata mara moja.

Msalimie sana shemeji Zubeir na umwambie tunamhitaji naye, kama ruhusa itapatikana. Mbusu Shamsia. Nuria anakukumbatia na ameshakutandikia chumba cha watoto hapa Tangini ili upumzike kabla ya kwenda Vihingo. Ba'mdogo Said anakupa pole, na Swaumu anakusalimu, wamepatana na mama. Mungu akutie nguvu, akulinde njiani, na amrehemu mzee wetu Matano.

Nimalizie na uwanja. Kesho yake asubuhi niliamshwa na sauti ya ufagio. Mama alikuwa ameinama, anaanzia mlangoni, anasukuma majani ya misimu yote ile kuelekea shimoni, na aliponiona nimeshika ufagio mwingine akanikatalia. Alifagia uwanja mzima peke yake mpaka njia kuu. Ukienda leo utaona udongo mwekundu tupu, una mistari ya ufagio, safi kama siku ya harusi yako. Ila upenuni alifika kwenye chungu chako akasimama. Nikamuuliza nikiondoe? Akasema, "Kiache. Baba yenu amengoja maji yakauke, hatashindwa kumngoja binti yake." Njoo, dada. Kimebaki hicho tu.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja stendi,
Hashiru Matano