Picha ya Alasiri

Jumanne, alasiri

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yamechoka kukodolea picha za setilaiti za kimbunga hapa ofisini kwetu, hali ya hewa. Alfajiri kilitutisha, mawingu yamejazana katikati, meupe pe. Saa hii yamesinyaa, kinaishiwa nguvu. Tangazo bado linasema watu wa ufukweni wahamie shule ya mlimani, lakini wewe nakwambia kwa sikio lako tu: lala kwako.

Binti yako

Jumamosi

Mwanangu, marahaba. Umeme umerudi leo, ndiyo maana nilikuwa kimya. Mimi nipo, goti lipo.

Kimbunga hakikuishiwa nguvu. Usiku uleule wa Jumanne kilikuja na hasira za mwaka mzima. Jirani yetu Mama Sindano alikuwa ameshaifunga cherehani yake kwa shuka, nami nikamcheka mlangoni: “Shusha mizigo, shoga, unahama kama unayekimbia kodi!” Akacheka, akashusha. Ukuta wake umemwangukia mkono wa kulia. Daktari anasema vidole havitakunjika tena kama zamani.

Yuko kwangu. Namlisha kwa kijiko, ananishukuru. Natamani anitukane.

Mama yako

Jumapili

Mama, shikamoo. Hata kukuuliza hali naona haya.

Kimbunga kina mchana na usiku wake. Usiku mawingu ya katikati hupanda, mchana husambaa kwenda nje, na ikifika alasiri pale katikati huonekana pamechakaa, hata kama upepo chini unazidi kuwa mkali. Ndiyo maana mkubwa wetu wa zamu hutuimbia kila siku: linganisha alasiri na alasiri ya jana. Mimi nililinganisha na alfajiri. Ningeiweka picha ya alasiri ya Jumatatu kando ya ile ya Jumanne, ningeona kinavyokua kwa kasi.

Naona aibu, Mama. Mwambie Mama Sindano ni mimi niliyekosea.

Binti yako

Alhamisi

Mwanangu, marahaba. Unakula lakini?

Sijamwambia. Uliniambia kwa sikio langu, basi pale mlangoni nilisema kama mawazo yangu, na mpaka leo anaamini hivyo. Siwezi kukuanika.

Ila asubuhi redio imetaja kimbunga kingine. Mama Sindano kaniambia, “Utabiri wako wa mlangoni sitaki tena. Muulize mwanao. Huyo akisema nihame, nahama.” Nilishindwa kumtazama usoni.

Unasemaje?

Mama yako

Alhamisi, saa hiyohiyo

Mama, shikamoo. Ahame sasa hivi, na wewe pia, jua lingali juu. Cherehani itangulie, nguo baadaye. Mwambie nimesema mimi.

Lile kosa langu la kwanza usimwambie bado. Akilijua leo hataniamini, naye atabaki ndani. Hata aibu yangu inabidi ingoje.

Mkishafika mlimani, akikaa, mpe simu mkono wa kushoto. Nitamwambia mwenyewe.

Binti yako