Mlango wa kontena ndio unapanga timu yetu ya kikapu

Caren, wewe msaidizi wa kocha, umeona yote ukageuza uso!

Kocha amewapitisha wachezaji tena kwa ule mlango mfupi uliokatwa kwenye kontena letu la kubadilishia nguo. Asiyelazimika kuinama, haanzi mechi. Wangila akapita wima. Kocha akamwambia, "Wewe kafupi, keti." Keti! Baba wa watoto wawili!

Wapinzani wetu Namanga wameleta wafupi wenye mbio. Warefu wetu watano wakaishiwa pumzi robo ya pili, vile vile kama mwaka jana na mwaka juzi. Wangila akaomba, "Kocha, niingize, hawa nawaweza." Kocha akacheka: "Kua kwanza." Kua!

Sisi Kitengela tumechapwa. Mkataba wa Wangila unaisha leo, na kocha amesema hauandikwi upya. Sahii anakunja jezi.

Mwenye timu bado yuko uwanjani. Hata asiposikia, mwendee sasa hivi umwambie yale unayonong'ona pembeni: tunafungwa na huo mlango.