Picha za Mama Kui Zilizobakishwa Moja Moja

KITUO CHA POLISI, NAIROBI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zadock Oyoo
Umri: Miaka 57
Kazi: Fundi wa friji
Makao: Mountain View, upande wa Kangemi

Mimi ndiye mtajwa hapo juu. Mtuhumiwa, Wanjugu Macharia, ambaye sisi humwita Mama Kui, namfahamu kwa miaka minane. Anauza mapazia mjini na anakaa Uthiru. Tuko katika klabu moja ya picha za macho mawili.

Afisa ameniuliza hizo ni picha gani. Unapiga picha moja, unasogea kando kidogo kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa, unapiga nyingine ya kitu kile kile. Ya kwanza ni ya jicho la kushoto, ya pili ni ya jicho la kulia. Ukizitia pamoja kwenye miwani yetu ya mbao, pua ya mtu inasimama na mti unarudi nyuma yake. Ukiwa na moja tu, una picha ya kitambulisho. Afisa amesema ameelewa.

Tunashindana kila mwaka. Kwa miaka sita kikombe kimekuwa kikitoka kwake kuja kwangu, kisha kinarudi. Picha zangu yeye huziita chapati. Mwaka huu ni tofauti, kwa sababu daktari amemwambia jicho lake la kushoto lina uvimbe na Jumatatu litatolewa. Baada ya hapo ile miwani ya mbao haitamwonyesha kitu. Mashindano ni kesho, Jumamosi.

Mnamo Ijumaa, tarehe 7 Novemba 2025, saa saba mchana, nilikuwa Upper Hill, nje ya jengo la ofisi anakofanya kazi binti yake, Kui. Sikuwa napita njia. Nilikwenda kuona Mama Kui anaandaa nini. Alinikuta nyuma ya mti wa jakaranda. Yeye huniita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo.

"Jaduong', umekuja kuiba ama kujifunza?"

"Nimekuja kukupa pole mapema, Mama Kui."

"Basi toka kwa picha. Hiyo tumbo haihitaji miwani, inatokea yenyewe."

Kui alisimama chini ya maua akanyoosha mkono kuelekea kamera. Mama yake alitaka kwamba mtu akiitazama picha kwa miwani, mkono umfikie usoni. Alipiga, akasogea, akapiga. Alirudia sana, jozi baada ya jozi.

Ndipo askari wa getini akaja akasema jengo halipigwi picha. Mkubwa wake, Bw. Kitavi, ambaye ndiye mlalamikaji, alichukua kamera akaingia nayo kwenye kibanda chao cha kioo kuikagua. Nataka iandikwe kwamba alikuwa na adabu. Kupitia kioo niliona alama ya pipa la taka kwenye kamera. Niligonga. Akainua kiganja, vile unavyomwambia mteja asubiri. Nikagonga tena.

"Wacha, Jaduong'," Mama Kui akasema, "utatuletea shida."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kidole kiliendelea kubonyeza.

Alitoka akitabasamu. "Jengo halionekani, madam, hakuna shida. Na nimekusafishia kadi. Zilikuwa mbili mbili, nimekubakishia moja moja."

"Umefuta zipi?"

"Zile za kurudia tu."

Mama Kui alizipitia zote pale pale. Zilizobaki zilikuwa za jicho la kushoto. Alinipa kamera niishike, kisha akamsukuma Bw. Kitavi kwa mikono miwili. Bw. Kitavi alikalia chungu cha mmea wa miiba na kuteguka kifundo cha mkono. Ningependa kusema aliteleza, lakini nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Alipokuwa chini aliuliza, "Kwani nimefanya nini?" Hilo nalo liandikwe. Aliuliza kwa dhati.

Kuna fundi mjini anayerudisha picha zilizofutwa. Nimeambiwa kadi ni kielelezo, haitoki hadi kesi iishe. Nikaomba Mama Kui apewe dhamana apige nyingine kabla jua halijashuka, au hata kesho asubuhi. Nimeambiwa mkubwa wa kituo yuko mkutanoni. Nimempigia katibu wa klabu nitoe picha yangu mashindanoni. Amesema tarehe ya kujitoa imepita, na kwamba picha yangu ni nzuri. Kwa hiyo kesho huenda nikashinda bila mpinzani, jambo ambalo nimeliombea miaka yote na silitaki.

Nilimwona Mama Kui kabla ya kuingia humu. Hakunitania. Aliniomba nimweleze afisa vizuri. Nimejaribu.

Niliyoyaona ni hayo. Nimesomewa, nimekubali, na sina la kuongeza ila hilo la dhamana.

Sahihi: Z. Oyoo

Maandishi ya afisa: Nimeandika maelezo haya leo saa kumi na nusu jioni kama shahidi alivyoyatoa. Ombi la dhamana linamsubiri mkubwa wa kituo. Asiporudi leo, mtuhumiwa atasindikizwa hospitali Jumatatu moja kwa moja kutoka hapa. Nimeikagua kadi mbele ya shahidi. Picha za binti zipo, zimetoka vizuri, na kwa kila iliyofutwa nyingine kama hiyo imebaki. Nimekwenda kumwonyesha mtuhumiwa pia, ili atulie.

Konstebo Mwanzia