Biskuti za Wageni Nimezitwanga Mwenyewe

Itigi,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu mpendwa Ambakisye,

Marahaba. Naitanguliza mwenyewe, maana najua utatoa shikamoo yako ukiifungua bahasha hii, na mimi sitakuwepo kuipokea. Mmeamkaje hapo nyumbani Kyela? Mgongo wa mama mdogo unaendeleaje tangu aanze kutembelea mkongojo? Mvua za huko bado zinawanyeshea bila kuombwa? Sisi huku mvua ilikwisha zamani. Huu ni msimu wa upepo, vumbi linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa, na baridi ya asubuhi inapasua midomo. Mimi ni mzima. Neno hilo nimelirudia kulisoma kabla ya kuendelea, kwa sababu nasikia huko mna habari nyingine.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu, nikifika sentensi ya tatu tu, unasema, "Dada, wewe pumzika, sisi tumeshapanga." Karatasi haikatizwi. Isome hadi mwisho, kisha msomee mkeo, mama Lugano, kwa sauti.

Umeambiwa na wifi yangu Elizabeti, mdogo wake marehemu mume wangu, kwamba nimeanza kurudi utotoni. Kwamba alinikuta natwanga biskuti kwenye kinu. Na wewe, kwa simu hiyo moja, umekubaliana naye uje na gari Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nihamishwe, nyumba ifungwe. Habari ya biskuti ni ya kweli. Zilizobaki nitazieleza, na kwa kuwa nilikuwa mwalimu maisha yangu yote, unajua kwamba nitaanzia mwanzo.

Ulipokuja kwenye msiba wa shemeji yako mwaka jana, ulileta mchele, na pembeni yake mfuko mdogo wa kokoa iliyokaushwa. Ukasema, "Dada, waonyeshe majirani zako tunalima nini." Niliwaonyesha. Wakazigeuza punje mkononi, wakasema vizuri, wakarudisha. Mfuko ukakaa juu ya kabati. Asubuhi moja mwezi huu, upepo ukipiga mabati, nilikaa na kikombe changu cha chai ya rangi nikautazama mfuko ule, nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: kitu hiki kina ladha gani?

Fikiri, Ambakisye. Baba aliipanda, wewe unaipalilia, unaichachusha kwenye majani ya migomba, unaianika, inakwenda. Sisi tuliozaliwa katikati ya miti hiyo tulinyonya utamu wa ule ute mweupe wa ndani ya tunda tukiwa watoto, basi. Kikombe cha kokoa inayotokana na shamba letu hujawahi kunywa, na mimi nilikuwa sijanywa hadi nilipofika umri huu. Hilo lilinichoma. Nikaushusha mfuko.

Mara ya kwanza nilikosea, na nakueleza kosa lenyewe ili usilirudie. Nilizikaanga kama karanga, juu ya mkaa mkali, nikazitwanga pamoja na maganda yake. Kikatoka kitu cheusi, kichungu, chenye mchanga. Jirani yangu Mama Neema, mwanamke wa Kinyaturu ambaye baba yake ni mrina asali huko kwenye vichaka, alionja akafumba macho.

"Mwalimu, hii ni ya minyoo?"

"Ni kinywaji."

"Cha nani?"

Tukacheka mpaka tukakaa chini. Lakini sikuacha. Mara ya pili nilitumia moto mdogo, wa mkaa uliobakia baada ya kupika maharage, nikageuza kwa mwiko bila kuondoka hadi punje zikaanza kupasuka moja moja. Hapo zinaepuliwa. Zikipoa kidogo, ganda linatoka kwa vidole, kisha unapeta kwa ungo kama mpunga. Kinu nacho kipashwe joto juani kwanza. Ukitwanga kwenye kinu cha baridi unapata chengachenga tu. Kikiwa cha moto, punje zinatoa mafuta yake na kuwa rojo laini linalong'aa. Mafuta hayo yako ndani ya kila punje unayoianika, mdogo wangu, na najua utastaajabu kama nilivyostaajabu mimi.

Sasa biskuti. Unajua kila nyumba ya heshima ina kabati, na ndani ya kabati kuna vikombe vya maua na pakiti za biskuti ambazo mwenye nyumba haruhusiwi kuzigusa. Ni za wageni. Nimeolewa katika nyumba hii miaka thelathini na nane, na kwa miaka hiyo yote nimenunua biskuti za krimu nzuri, nikazifungia, nikazipanga kwenye sahani wakija wageni walioshukia stesheni ya treni, wachungaji, maafisa elimu, wakwe. Mimi na shemeji yako tulikula zile zilizovunjika. Zikikaa sana zikalegea, ndipo tulizichovya kwenye chai. Siku ile nilifungua kabati kutafuta mdalasini, nikaona pakiti tatu, mpya, zinasubiri. Nikajiambia: Bupe, mgeni ni nani tena? Nikatoa mbili.

Kwa kikombe kimoja kikubwa unahitaji biskuti sita. Tano zitwange ziwe unga kabisa, ya sita ivunje vipande. Chemsha maziwa ya ng'ombe kidogo na kijiko kilichojaa cha lile rojo, ukoroge hadi lisionekane donge, ndipo uongeze maziwa yaliyobaki. Unga wa biskuti unautia polepole huku unapekecha kwa kipekecho, kile kile tunachopekechea mlenda. Kazi ya unga huo ni mbili: unafanya kinywaji kiwe kizito kama uji mwepesi, na unaleta ile ladha ya kitu kilichookwa, yenye siagi na vanila, ambayo kokoa peke yake haina. Chumvi kidogo sana, mdalasini. Epua. Asali itiwe mwisho, nje ya moto, maana asali ya hapa Itigi ina harufu ya maua ya vichakani, na ikichemka harufu hiyo inakwenda na mvuke. Juu unaweka utando wa maziwa, na juu ya utando ile biskuti ya sita. Kwa vikombe vya maua, si vya bati.

Hapo nilipokuwa natwanga ndipo Elizabeti alipofika kutoka Iguguno. Hakupiga simu. Alisimama mlangoni na kapu lake na dumu la mafuta ya alizeti, akanusa. Wewe mkulima unajua kokoa iliyochachushwa ikikaangwa inatoa harufu kama ya siki. Yeye hajui.

"Wifi," akasema taratibu, "unapika pombe? Wewe, mzee wa kanisa?"

"Karibu, wifi. Weka kapu. Ni kokoa."

"Na kwenye kinu mna nini?"

"Biskuti."

Akaja akachungulia. "Biskuti zinatwangwa siku hizi? Meno yanakusumbua?"

"Meno yapo, yamepungua mawili, na hayo yalitoka kaka yako akiwa hai."

"Ni zile za kabatini?"

"Ndizo."

"Za wageni?"

"Kaa, wifi. Wewe ni mgeni. Utapata."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliye hospitali. Nikamhudumia kikombe kilichojaa. Alikunywa cha kwanza kwa woga, cha pili kwa haraka. Aliinamisha kikombe, akapitisha kidole chini, akakilamba. Kisha akakiweka kwenye sahani yake, akakunja mikono.

"Ni tamu," akasema. "Lakini si kitu cha mtu mzima. Mjane hajamaliza hata miaka miwili, anajitengenezea vitu vya sikukuu siku ya Jumanne. Watu wakiona?"

"Waone nini?"

"Kwamba umefurahi."

Nilimjibu kwamba kaka yake nilimuuguza miezi kumi na mmoja, nikamgeuza kitandani usiku na mchana, na yeye mwenyewe Elizabeti alikuwa shahidi. Nikamwambia mtu aliyefanya hivyo hana mtihani mwingine wa huzuni wa kufanya mbele ya watu. Akatoka uani na simu. Dirisha la jikoni halina kioo, lina wavu tu, kwa hiyo nilisikia kila neno alilokwambia: "Mchukueni mapema, kaka. Amekuwa mtoto. Anakula biskuti za wageni." Na midomo yake ilikuwa bado na chokoleti.

Simchukii. Alisema alichofundishwa, na mafuta aliyoniletea ni mazuri. Lakini wewe, Ambakisye, ulimuuliza nini? Uliuliza kama naoga mwenyewe? Naoga. Kama napotea njia? Natembea hadi sokoni na kurudi, na wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana wajukuu, wananisimamisha kila hatua mpaka nachelewa. Kama sukari imepanda? Nilikwenda zahanati, nikapimwa, iko sawa, muuguzi akaniambia kinywaji hicho kisiwe cha kila siku. Nakunywa mara mbili kwa wiki. Jumatano nawafundisha akina mama watano kusoma, mmoja wao ni Mama Neema, na juzi alisoma mwenyewe maandishi ya kwenye pakiti ya biskuti, neno kwa neno, hadi mahali palipoandikwa zihifadhiwe pakavu. Yote haya ungeyapata kwa kuniuliza mimi.

Najua pia kinachokusumbua. Unaogopa watu wa kwetu waseme Ambakisye amemtelekeza dada yake kwenye vichaka vya watu, wakati kaka anapaswa kumrudisha dada aliyefiwa. Ni desturi nzuri. Iliwekwa kwa ajili ya mwanamke aliyeachwa bila paa wala chakula, ili asiteseke. Mimi nina paa, nina kuku tisa, nina kanisa, nina jirani anayegonga ukuta nikichelewa kufungua dirisha. Ukinihamisha kwa nguvu utakuwa umetimiza maneno ya desturi na kuiacha maana yake barabarani.

Na kuna jambo ambalo sikulisema msibani, kwa kuwa msibani tulikuwa tunalia. Toka nikiwa binti wa miaka saba, nimepangiwa. Baba alinipangia shule, nikashukuru. Serikali ikanipangia kituo cha kazi, nikaja huku nisikokujua, nikakuta watu wema. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole, lakini hata yeye ndiye aliyekuwa anasema leo tutakula nini. Asubuhi ile ya upepo ilikuwa mara ya kwanza kukaa jikoni kwangu na kuamua jambo la anasa tupu, lisilomsaidia mtu yeyote, kwa ajili ya ulimi wangu mwenyewe. Nilikunywa nikiwa nimevaa kitenge kizuri. Nilikunywa polepole. Kikombe kilipokwisha nilijua kwamba sihami, hata kabla sijajua kwamba mmeshapanga siku ya kunihamisha.

Kwa hiyo usikodi gari. Ukija kunisalimia, njoo kwa basi kama mgeni mwingine yeyote, nitakupokea stendi. Ukija kunichukua, utanikuta nimekaa, na utalazimika kunibeba mbele ya darasa langu la Jumatano, maana nimewaambia, na watakuwepo hata kama ni Jumamosi.

Utaona bahasha hii ni nzito upande mmoja. Ni ule ufunguo mlionitumia mwezi uliopita kupitia dereva wa basi, wa chumba mlichokipaka rangi na kunifungia pazia jipya. Nimeushika mara nyingi, na nimelia, maana najua mama Lugano alichagua rangi hiyo kwa sababu niliwahi kuisifu. Lakini Tusekile, binti yako, amerudi nyumbani na watoto wawili, na nasikia analala nao sebuleni kwa sababu chumba cha shangazi hakiguswi. Mpe ufunguo huu leo, kabla hujaikunja barua. Aingize vitanda. Pazia abadilishe akitaka. Mwambie shangazi hakukikataa chumba kwa dharau. Amekitoa, naye ndiye anayepewa.

Nisalimie mama mdogo, mwambie namwombea kila asubuhi. Msalimie mkeo kwa niaba ya moyo wangu wote, na kaka yetu mkubwa wa shamba la chini, ambaye najua atasema nimekuwa mkaidi, mwambie ndivyo. Watoto wa Tusekile siwajui majina bado, wabusu hivyo hivyo. Nanyi mlio huko mbaki na amani, na msinihurumie.

Ni mimi dada yako,
Bupe,
mwenye nyumba hii ya Itigi.