Nilipima Pikipiki Ikiwa Imeegemea

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uje upesi, maana huu ni mwezi wa pili sasa sikai nikatulia, nikikaa kwenye cherehani nanyanyuka, nikinyanyuka sijui nilikuwa naenda wapi, juzi nimeshona mfuko wa suruali ya mteja upande wa nje, mke wangu akacheka akadhani nimechoka, nami nikacheka naye.

Mimi ni fundi cherehani, nina pikipiki ndogo ya kupelekea nguo za wateja, na stendi yake ya katikati iling'olewa na aliyekuwa nayo kabla yangu, kwa hiyo kila nikitaka kupaka cheni mafuta au kufungua gurudumu la nyuma nahangaika nayo ukutani, nikaenda dukani kutafuta stendi ya kunyanyulia, zilizokuwepo zote ni za mapikipiki makubwa, pana mno kwa hii yangu, nikaamua nitengenezewe na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea na mtaani wanamwita Rula kwa sababu hakosei. Rula akaniambia, "Shemeji, lete pikipiki niipime mwenyewe, hiyo futi yako ya nguo inavutika." Tumetaniana hivyo miaka yote, lakini siku hiyo nikasema ngoja nimwonyeshe, nikapima mwenyewe nyumbani, kutoka sakafuni hadi kwenye ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, nikamwandikia kwenye karatasi, akatengeneza, akaileta, akaiacha mlangoni na kuwahi kazi nyingine.

Nilipoijaribu gurudumu halikunyanyuka, liligusa sakafu vilevile, nikachukua futi nikapima upya, na hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu, kwamba mara ya kwanza nilipima pikipiki ikiwa imeegemea stendi yake ya pembeni, tena nilipima upande wa kushoto peke yake, ule ulioinama, kwa hiyo kipimo kilipungua kama vidole viwili. Ningerudi kwa Rula yangeisha kwa kicheko, lakini niliona haya, mimi ninayekula kwa kupima watu, basi nikatia vibao viwili chini ya miguu ya stendi, nikamwita mke wangu anishikie usukani, nikakandamiza mpini wa stendi, pikipiki ikapanda vizuri kabisa, mke wangu akasema, "Kaka yangu anaijua kazi," nikaanza kuzungusha gurudumu nipake cheni mafuta, kibao kimoja kikateleza, pikipiki ikamwangukia mguuni.

Mshauri, hili sijamwambia mtu. Mke wangu alikuwa amekaa chini ameshika mguu, macho ameyafumba, na kabla majirani hawajaingia mimi nilivisukuma vile vibao kwa mguu wangu hadi chini ya kabati la vitambaa. Mguu ulikwenda wenyewe. Mpaka leo vipo hapo hapo, nikifungua kabati naviona ncha.

Mke wangu amefungwa plasta, anatembelea magongo. Rula alikuja siku ya pili, karatasi yangu ilikuwa imeshapotea kule karakana kwake, akapima stendi, akasimamisha pikipiki akaipima nayo, kisha akasema, "Nimekata fupi." Mke wangu akamwambia, "Mume wangu hawezi kukosea vipimo, ndiyo kazi yake," na tangu hapo hapokei simu ya kaka yake, na kwao wamebaki wao wawili tu. Unajua mimi nilisema nini? Nilisema, "Basi, ni bahati mbaya." Sasa nasikia Rula amekwenda kupima macho, akaambiwa macho yake ni mazima, ndiyo akazidi kuogopa, amemrudisha mteja aliyetaka ngazi akisema hatengenezi tena kitu cha kubeba mtu, na Jumamosi hii anakuja mtu kununua mashine yake ya kuchomelea. Nikisema, naogopa mke wangu ataondoka. Nikinyamaza, Rula ndiye atakayepotea. Mke wangu hunisomea safu yako kwa sauti kila Ijumaa nikiwa nashona, huwacheka sana watu wa humu, kwa hiyo nakuomba usitaje jina. Nifanyeje, na je, ile stendi inaweza kutengenezeka?

Fundi asiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, nampa pole mkeo. Yako itakuja ukishaistahili.

Kukosa kipimo si dhambi. Hata kutia vibao ningekusamehe, nyumba nyingi zina kitu kilichosimama juu ya kibao. Lakini ulipata nafasi tatu za kusema neno moja. Ulipoipata ya kwanza ulikuwa unalinda sifa yako. Ya pili, mkeo ameumia, ukalinda sifa yako. Ya tatu, shemeji yako amesimama mbele yako akijitwika kosa lako, ukamwambia ni bahati mbaya. Hiyo ya tatu imenikasirisha, na nimeisoma barua yako mara mbili nione kama hasira itapungua.

Najua unampenda mkeo na najua unaumia, inaonekana. Ila usiniambie unanyamaza kwa ajili ya ndoa. Mkeo amemkataa kaka yake kwa sababu anakuamini wewe. Kila siku unayokaa kimya unamla yule kaka kwa kinywa cha dada yake. Unaogopa ataondoka, na huenda akakasirika kweli, akaenda kukaa kwa Rula wiki mbili. Acha aende. Angalau atakuwa na kwa kwenda, kitu ambacho leo hana.

Kuhusu stendi, ndiyo, inatengenezeka, na wewe ulipaswa kuwa wa kwanza kujua. Mteja akija kupimwa suruali akaegemea mlango, humwambii asimame wima, miguu sawa? Pikipiki ni hivyo hivyo. Jaza upepo matairi, iweke kwenye sakafu iliyo sawa, mtu aishike wima, upime pande zote mbili. Kisha uongeze vidole viwili, maana stendi iliyo sawasawa na kipimo haiinui kitu, gurudumu lazima liachane na sakafu. Chini iwe pana kuliko juu, na pale inapogusa chuma pafungwe mpira pasiteleze. Kabla ya kunyanyua, funga breki ya mbele kwa kipande cha mpira ili pikipiki isiende mbele. Anayeshika usukani awe mtu mwenye miguu miwili mizima, na ukiona imekuwa fupi unairudisha kwa fundi. Vibao ni vya kuwashia moto.

Lakini hupimi wewe. Ipeleke pikipiki na stendi hadi karakana kwa Rula, mchana, wateja wakiwapo, maana aibu yake ilipita mtaani na yako ipite njia hiyo hiyo. Beba na vile vibao. Mwambie, "Shemeji, ulikata sawa, mimi ndiye niliyepima vibaya, na hivi ndivyo vilivyomvunja dada yako mguu." Useme hivyo tu, usianze na habari za kuona haya. Halafu mpe futi, apime yeye, aongeze miguu ya stendi kwa mashine ile ile anayotaka kuiuza. Yule mtu wa Jumamosi akifika akute mashine inafanya kazi.

Kabla ya hapo, mwambie mkeo. Na hapa nikuambie ukweli, kwa sababu umenichezea kidogo. Umeniomba nisitaje jina, sikulitaja. Lakini fundi cherehani mwenye pikipiki, mke mwenye plasta, shemeji mchomeleaji anayeitwa Rula, mtaani kwenu mpo wangapi? Ulijua nani husoma safu hii, na ulijua anaisoma siku gani. Hukuniandikia nikushauri. Uliniandikia nikusemee.

Gazeti hili linatoka asubuhi na yeye husoma ukiwa umeshakaa kazini, kwa hiyo nilikuachia nafasi ya nne, ya saa chache. Kama umeshamwambia, mistari hii haitakudhuru. Kama bado, basi ni sauti yake unayoisikia sasa ikikusomea haya, na nadhani imeshaanza kupungua kasi tangu pale penye plasta. Toa mguu kwenye cherehani. Piga magoti uvitoe vile vibao mwenyewe, upesi, asije akavitoa yeye kwa gongo lake.